Chenga na Ukawiaji: Magofu ya Kilwa katika Taswira za Kompyuta

Msomaji wa Lubumbashi asikiapo jina Kilwa hukumbuka kwanza mji ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru. Makala haya yanahusu Kilwa nyingine, yaani Kilwa Kisiwani, iliyoko pwani ya kusini ya Tanzania. Hata hivyo, swali tunalolijadili linamhusu kila mwenye nia ya kuhifadhi mambo ya kale kwa kompyuta, awe pwani au Katanga: taswira ya gofu inaposafishwa ili ionekane vizuri na iende upesi, ni nini kinachotupwa pamoja na uchafu?

Magofu hayo yalichorwa kwa mkono muda mrefu kabla ya kompyuta. Peter Garlake alichapisha michoro ya majengo ya kale ya pwani mwaka 1966, na Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa, alichapisha matokeo yake mwaka 1974. Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Katika karne hii vikaja vipimo vya leza. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioasisiwa na Heinz Rüther, uliyapima magofu hayo. Na mwaka 2020 CyArk na Google walitoa taswira za Kilwa katika maonyesho juu ya urithi unaotishwa na mabadiliko ya tabianchi.

Chombo cha leza hurusha mwali ukutani na kupima umbali wake. Kila mwali huacha nukta moja, na jengo moja hutoa mamilioni ya nukta. Hapa huzuka matatizo mawili. La kwanza ni lile ambalo watazamaji wa televisheni huliita chenga, kwa kulifananisha na chenga za mchele: nukta zilizokaa pasipo mahali pake, kwa kuwa chombo kimekosea kidogo, au jani limepeperuka, au mtu amepita. La pili ni ukawiaji. Ili jicho lione mwendo usiosita, kompyuta aghalabu hutakiwa kutoa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha iwe tayari katika muda wa takriban milisekunde 17.

Tiba zake zina historia. Mwaka 1976 James Clark alionyesha kwamba kitu kilicho mbali chaweza kuchorwa kwa maumbo machache, na kilicho karibu kwa maumbo mengi. Mwaka 1986 James Kajiya alieleza namna ya kukokotoa mwanga kwa miali ya kubahatisha: ikiwa michache, picha hujaa chenga, ikiwa mingi, picha hukawia. Mwaka 1998 Carlo Tomasi na Roberto Manduchi walibuni chujio linalolainisha picha bila kuyeyusha kingo zake. Mwaka 2000 Szymon Rusinkiewicz na Marc Levoy wa Stanford walitoa programu ya QSplat: mtazamaji anaposogea huona umbo la jumla, na anapotulia huona undani wake. Mbinu za baadaye hukopa nuru kutoka picha zilizotangulia. Chenga hupungua, lakini kitu kilichokwisha kuondoka huweza kuacha kivuli chake nyuma.

Katika mchezo wa kompyuta kasoro hiyo haidhuru. Katika gofu yaweza kudhuru. Kuta za Kilwa ni za matumbawe na chokaa, nazo zina mikwaruzo kwa asili yake. Ufa mwembamba kama unywele au lipu iliyobanduka kwa chumvi ya bahari hufanana sana na chenga, na chujio halijui kutofautisha. Ukuta ukilainishwa leo, mtafiti atakayeulinganisha na hali yake ya miaka 30 ijayo atadhani kwamba nyufa zote zimezuka baadaye.

Wanafunzi wa fasihi wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Habari za wafalme wa Kilwa zimetufikia kwa matini ya Kiarabu na kwa Kireno cha João de Barros, kilichochapishwa mwaka 1552, na matini hizo hazikubaliani katika kila jambo. Mhariri akiziunganisha ziwe hadithi moja iliyonyooka, msomaji atafurahi, lakini mwanahistoria atakuwa amenyang'anywa ushahidi wake.

Kwa kumalizia, tunapendekeza mambo matatu. Nukta za awali zihifadhiwe bila kuguswa, hata kama haziwezi kuonyeshwa upesi. Sehemu iliyokisiwa na kompyuta itiwe alama, kama mchoraji wa magofu anavyochora kwa mstari wa vipande ukuta asiouona. Tena, kabla ya kitu chochote kufutwa kwa jina la chenga, waulizwe wakazi wa kisiwani wanaopita kando ya kuta hizo kila siku. Huenda wakajua kwamba ni ufa, na ulianza lini.