Kutoka Mjakazi hadi Mfanyakazi: Habari za Angela Benedicto wa Mwanza

Habari za utumwa katika nchi za kusini ya Ziwa Viktoria husimuliwa kana kwamba ni jambo lililokwisha zamani. Stanley alipofika Kageyi mwaka 1875 alimkuta Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani, aliyenunua pembe na watumwa. Serikali ya Kidachi haikuufuta utumwa. Iliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuukomesha kabisa ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Walakini sheria hubadili hali ya mtu mbele ya hakimu. Desturi za nyumbani haziondoki upesi hivyo.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Mtumwa ni jina lililotokana na kitenzi cha kutendwa: ni mtu anayetumwa na mwingine. Mjakazi, yaani mtumwa wa kike, laonekana kuwa na neno "kazi" ndani yake. Lakini -kazi hapa ni kiambishi cha kale chenye kuonyesha uke, wala hakihusiani na kazi istahiliyo ujira. Baadaye mijini yakaenea majina mengine: mtumishi, yaya, hausigeli, dada wa kazi. Hilo la mwisho ni la heshima kwa sura yake, lakini lina hila. Dada halipwi mshahara, hahesabiwi saa zake, wala hatazamiwi kumshtaki ndugu yake.

Angela Benedicto aliingia katika kazi hiyo angali msichana, akayaonja mateso yake. Kwa maana ya sheria ya 1922 hakuwa mtumwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyedai kummiliki. Lakini msichana aliye mbali na kwao, alalaye na kula kwa hisani ya mwajiri, hana pa kwenda anapopigwa au kunyimwa ujira wake; na hali hiyo mjakazi wa zamani angeitambua mara moja.

Baada ya kutoka katika utumishi, Angela alianzisha mjini Mwanza chama kiitwacho WoteSawa, cha kuwatetea wafanyakazi wa nyumbani, hasa watoto na vijana. Chama kiliwapa hifadhi waliokimbia mateso, kikawafundisha haki zao, kikazungumza na waajiri. Mwaka 2015 yeye alikuwa miongoni mwa vijana wa Jumuiya ya Madola waliotunukiwa tuzo ya Malkia Elizabeth wa Pili.

Juhudi hizo zilikuwa na sheria za kuegemea. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilikataza kazi ya kulazimishwa na kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwaka 2011 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva Mkataba Namba 189 juu ya kazi za nyumbani. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida aishiye kwa mwajiri. Fedha hizo zilikuwa chache mno. Hata hivyo dada hawekewi kima cha mshahara. Aliyewekewa ni mfanyakazi, na katika jina hilo "kazi" ni kazi kweli, na mwenye kuitenda ni mtu mwenye haki ya kuidai thamani yake.