Nani Atajibu? Historia ya Dhamana katika Majarida ya Kitaaluma

Tarehe 6 Machi 1665, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, alitoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions, jarida la sayansi ambalo mpaka leo linachapishwa. Mwanzoni lilikuwa jarida lake binafsi: yeye ndiye aliyepokea barua za watafiti, akazichambua na kuamua zipi zitoke. Makatibu waliomfuata waliendelea hivyo kwa miongo mingi, mpaka mwandishi John Hill alipoishambulia jumuiya hiyo hadharani, mwanzoni mwa miaka ya 1750, kwa makala dhaifu zilizokuwa zikichapishwa humo. Mwaka 1752 Royal Society ililichukua jarida na kuunda kamati ya kupigia kura kila makala. Kamati hiyo haikudai makubwa. Katika tangazo lililochapishwa ndani ya jarida lenyewe ilieleza kwamba inachagua makala kwa uzito wa mada, ila haidhamini ukweli wa yaliyomo. Dhamana hiyo inabaki kwa mwandishi. Mjadala wetu wa leo kuhusu akili mnemba katika uchapishaji wa kitaaluma ungepaswa kuanzia hapo. Swali la msingi ni nani atajibu pale makala itakapohojiwa, na kwa zaidi ya miaka 250 majarida yamekuwa yakilitafutia swali hilo jibu.

Anayeiona akili mnemba kuwa najisi iliyoingia katika kazi iliyokuwa safi anasahau kwamba wasomi wameandika kwa msaada tangu zamani. Katika miaka ya 1670 Robert Boyle alimwajiri Mfaransa Denis Papin, aliyefanya kwa mikono yake majaribio mengi ya pampu ya hewa na kuandika sehemu ya maelezo ya majaribio hayo. Kitabu kilitoka kwa jina la Boyle, naye akautaja mchango wa Papin katika utangulizi. Tunaweza kubishana kama sifa ziligawanywa kwa haki, lakini msomaji alijua mambo mawili: msaidizi alikuwepo, na wa kuulizwa alikuwa Boyle. Baadaye walikuja wapiga chapa, wafasiri, wahariri wa lugha na programu za kuchakata takwimu. Wote walipata nafasi bila kuvunja taaluma, kwa sababu nyuma ya kila msaada alikuwepo mtu anayejua kilichofanyika na aliye tayari kukitetea au kukisahihisha.

Taaluma imeumia kila mara jina lilipotengana na kazi, hata baada ya majarida kuweka wapitiaji. Utaratibu wa kuwapa wasomi wengine makala waipitie kabla haijachapishwa ulianza kukita mizizi katika Royal Society miaka ya 1830, ukaenea polepole. Jarida la Nature liliufanya sharti mwaka 1973 tu. Hata hivyo upitiaji huo haukuwa ngome. Mwaka 1981 John Darsee, mtafiti wa magonjwa ya moyo katika Harvard, alinaswa akibuni data, na ikadhihirika kwamba baadhi ya wenzake walikuwa wameweka majina yao kwenye makala ambazo data zake hawakuzikagua. Mwaka 1985 kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyokuwa imekutana kwa mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978, ilitoa mwongozo wa nani anastahili kuitwa mwandishi. Mwaka 2013 iliongeza sharti la nne: mwandishi akubali kuwajibika kwa kazi nzima, na ahakikishe kwamba maswali kuhusu usahihi wake yanachunguzwa na kupatiwa majibu.

Ndiyo maana ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na wiki chache baadaye baadhi ya makala zikaitaja kama mwandishi mwenza, wahariri hawakuhitaji falsafa mpya. Januari 2023 Nature na Science zilikataa programu hiyo kuwa mwandishi. Mwezi uliofuata COPE, chombo cha maadili ya uchapishaji kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1997, kilitoa msimamo huohuo, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya zamani: programu haiwezi kuwajibika. Haiwezi kuitwa mbele ya kamati ya uchunguzi, haiwezi kutangaza maslahi yake, haiwezi kuomba radhi wala kurekebisha kosa kwa hiari yake. Mashine zilikuwa zimekwisha kuonyesha mapema hatari ya makala zisizo na wa kuzijibia. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT walitengeneza SCIgen, programu ya kuzalisha makala za sayansi ya kompyuta zisizo na maana, na moja ikakubaliwa katika mkutano wa kitaaluma. Mwaka 2014 wachapishaji Springer na IEEE waliondoa zaidi ya makala 120 za aina hiyo, baada ya mtafiti Cyril Labbé wa Ufaransa kuzibaini.

Wapo wanaosema kwamba inatosha mwandishi kutangaza kuwa ametumia akili mnemba. Tangazo ni lazima, maana mali bila daftari hupotea bila habari, lakini peke yake halitoshi. Februari 2024 jarida moja la kampuni ya Frontiers lilichapisha makala yenye mchoro wa panya usiofanana na kiumbe chochote, wenye maandishi yasiyosomeka. Waandishi walikuwa wametamka wazi kwamba michoro ilitengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili mnemba ya kuchora. Kanuni ya tangazo ilitimizwa, na bado upuuzi ulipita mpaka ukachapishwa, hadi wasomaji walipopiga kelele na makala ikafutwa siku chache baadaye. Tangazo humwambia msomaji chombo gani kilitumika. Dhamana humtaka mwandishi akague kila mstari, kila namba na kila rejeleo lililotoka katika chombo hicho kana kwamba limetoka mkononi mwake.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha. Majarida mengi makubwa yanachapishwa kwa Kiingereza, na mtafiti wa Dodoma, Kisumu au Bukavu anaandika katika lugha ya pili au ya tatu. Kumnyima chombo cha kunyoosha sentensi ni kulinda upendeleo wa waliozaliwa na lugha hiyo. Pingamizi hili ni la haki, na lina ushahidi: mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, zilihukumiwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Kwa hiyo mhariri asitumie programu hizo kama hakimu. Lakini hoja ya lugha inahalalisha kusafishiwa maneno; haihalalishi kupewa matokeo ambayo hukuyapata au vitabu ambavyo hukuvisoma. Anayemiliki utafiti wake anaweza kuueleza kwa lugha yoyote anapoulizwa, na hicho ndicho kipimo cha haki kwa wote.

Wengine watasema binadamu walidanganya bila msaada wa mashine, na ni kweli. Mwaka 2023 pekee Hindawi, kampuni ya majarida iliyonunuliwa na Wiley, ilifuta zaidi ya makala 8,000, nyingi zikihusishwa na biashara ya kutengeneza makala na kuziuza. Lakini biashara hiyo ilistawi kwa sababu vyuo vilihesabu makala kuliko kuzisoma. Akili mnemba inashusha gharama ya udanganyifu huohuo na kuuongezea kasi, kwa hiyo inazidisha haja ya dhamana.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Hapa pia mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na taaluma zilizoandikwa kwa Kiswahili bado zina wasomaji na wapitiaji wachache. Katika fani yenye maelfu ya watafiti, rejeleo la kubuni hugunduliwa mapema. Katika fani ndogo linaweza kunukuliwa kwa miaka na kugeuka ukweli. Vyuo vyetu na viache kupima wasomi kwa idadi ya makala. Majarida yetu na yamtake kila mwandishi aeleze alipotumia akili mnemba na kwa kazi gani, ahifadhi data zake, na athibitishe kwamba amesoma kila chanzo alichokitaja. Asiyeweza kuithibitisha makala yake asiitie jina.