Amana ya Mfasiri

Ndugu Waislamu, neno la Kiebrania pesher, maana yake tafsiri, limo mara moja tu katika Biblia: Mhubiri 8:1. Jamaa yake wa Kiarabu, tafsir, nalo limo mara moja tu katika Qurani: Sura Furqan, aya ya 33.

Sisi wa Mwanza tuna mfano wetu. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageyi, jirani yetu, akavuka ziwa kwenda kwa Kabaka Mutesa. Akamwachia Dallington, kijana aliyesomeshwa na misheni Unguja, amsomee Biblia kwa Kiswahili. Kabaka hakujua Kiebrania. Alipokea yaliyopita kinywani mwa kijana.

Basi mwenye kufasiri amebeba amana. Asiyejua na aseme, "Sijui." Wallahu aalam.