Runinga inazungusha duara, bando linaisha: Tatizo liko wapi?

Wasikilizaji wetu wa Buhare na maeneo mengine ya Musoma, Bunda na Butiama wamekuwa wakituuliza swali moja kwa namna nyingi: "Nyumbani nina waifai, simu inafungua vizuri, kwa nini runinga inazungusha duara tu?" Wengine wana runinga janja, wengine wana kisanduku cha Android au kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya runinga, kama Chromecast. Malalamiko ni yale yale: picha inaganda, sauti inakatika, au simu haiioni runinga kabisa.

Swali hili lina gharama. Mwalimu mmoja mstaafu wa Buhare alitusimulia kuwa baada ya umeme kukatika na kurudi, runinga yake ilikataa kufungua YouTube. Fundi akamwambia bodi imeungua, akamtajia bei iliyokaribia pensheni yake ya mwezi mzima. Kilichokuwa kimeharibika tutakieleza hapa chini. Kwanza tuone jinsi ya kulitafuta tatizo hatua kwa hatua, kabla hujatoa hela.

Safari mbili, si moja

Waifai ni redio. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunalielewa hilo haraka, kwa sababu ruta ni kituo kidogo cha kurushia matangazo, na runinga yako ni mpokeaji. Lakini kabla ruta haijarusha chochote, nayo inapokea intaneti kutoka nje, ama kwa waya ama kutoka kwenye mnara wa simu. Kwa hiyo kuna safari mbili: kutoka nje hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga. Kazi ya kwanza ni kujua ni safari ipi iliyokwama.

Chukua simu, zima data ya laini, ubaki na waifai pekee. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta na upime kasi kwa tovuti ya fast.com. Kisha nenda usimame pale runinga ilipo, upime tena. Kasi ikiwa ndogo sehemu zote mbili, tatizo lipo nje. Ikiwa nzuri karibu na ruta na mbaya karibu na runinga, tatizo lipo ndani ya nyumba yako. Ikiwa nzuri kote, angalia kifaa chenyewe.

Kwa kulinganisha, Netflix inapendekeza angalau megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya kawaida, 5 kwa HD kamili, na 15 kwa 4K.

Tatizo likiwa nje

Ruta inayotumia laini ya simu hutaka kuuona mnara. Nyumba yenye kuta nene na bati juu huzuia mawimbi, kwa hiyo isogeze dirishani, ujaribu upande mmoja na mwingine, ukiangalia taa za mtandao. Angalia pia masharti ya kifurushi chako. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi baada ya kiwango fulani cha matumizi.

Wakati mwingine kosa liko mbali sana. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, kuwasha na kuzima ruta mara ishirini hakusaidii kitu. Waulize majirani wanaotumia kampuni tofauti kabla hujaanza kufungua vifaa.

Tatizo likiwa ndani

Ruta isikae sakafuni, nyuma ya runinga, ndani ya kabati la chuma wala kando ya jokofu. Iweke juu, mahali pa wazi. Kama dirisha lenye mtandao mzuri liko mbali na sebule, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye runinga ndiyo tiba ya uhakika kuliko zote, maana waya haujali ukuta.

Ruta nyingi za sasa hurusha kwa masafa mawili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yanayojaa: majirani, Bluetooth na hata maikrowevu hutumia masafa hayo. Gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini hufifia haraka kwenye kuta. Runinga ikiwa chumba kimoja na ruta, tumia 5. Ikiwa mbali, tumia 2.4. Na tusichanganye mambo: jina la waifai linaloishia na "5G" kwa kawaida linamaanisha gigahezi 5, si mtandao wa simu wa kizazi cha tano.

Kwenye 2.4, ruta yako na ya jirani zikirusha kwenye chaneli moja, huingiliana kama vituo viwili vya redio vilivyosogeleana. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu hazigusani.

Simu haiioni runinga

Ili kurusha video kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga, vyote viwili sharti viwe kwenye waifai moja. Mara nyingi simu huwa imehamia kwenye data ya laini bila mwenyewe kujua, au imeunganishwa kwenye waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida huzuia vifaa kuonana. Hakikisha majina ya mtandao yanafanana, kisha zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe, na mwisho uwashe runinga.

Kama kifaa chako kidogo kinajizima na kujiwasha chenyewe, huenda kinakosa umeme wa kutosha. Tundu la USB la runinga mara nyingi ni dhaifu. Tumia chaja iliyokuja nacho.

Tarehe iliyopotea

Sasa turudi kwa mwalimu wetu. Bodi haikuwa imeungua. Baada ya umeme kukatika, saa ya runinga ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. YouTube, Netflix na nyinginezo hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Runinga inayoamini kuwa tuko mwaka 2018 huviona vyeti vya leo kuwa si halali, na hukataa kufungua. Mjukuu wake aliingia kwenye mipangilio, akarekebisha tarehe na saa, na picha ikarudi. Gharama: sifuri.

Vyeti vinaweza pia kuisha kwa upande wa mtengenezaji. Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa sababu hiyo. Google iliwaomba watumiaji wasifute mipangilio ya vifaa vyao wakati wakisubiri marekebisho, na waliokuwa wameshafuta walipata usumbufu zaidi. Kwa hiyo kufuta kila kitu na kuanza upya iwe hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Bando linakwenda wapi?

Kwa makadirio ya Netflix, saa moja hutumia hadi GB 1 kwa ubora wa kawaida, hadi GB 3 kwa HD, na hadi GB 7 kwa 4K. Bando la GB 10 kwa HD linaweza kuisha kwa saa tatu na dakika ishirini. Shusha ubora wa picha, na uzime uchezaji wa video inayofuata, kwani runinga huendelea kula bando hata wenye nyumba mkiwa mmelala.

Ukishindwa

Andika tarehe, saa na kasi ulizopima, kisha ulalamike kwa mtoa huduma wako ukiomba namba ya malalamiko. Asipokusaidia, una haki ya kwenda TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Na jambo moja la mwisho. Hata intaneti ikiwa nzuri, mechi unayoitazama mtandaoni mara nyingi huchelewa nusu dakika au zaidi. Ukisikia jirani anashangilia goli ambalo wewe hujaliona, usiilaumu ruta. Huyo anasikiliza redio.