Kufufua bustani ya mboga iliyotekwa na magugu

MFANYAKAZI anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurejea saa mbili usiku huiona bustani yake ya mboga mara moja kwa wiki, na kila aionapo, magugu yamepiga hatua nyingine.

Hatimaye huacha hata kuitazama. Sukuma wiki iliyokuwa ikichumwa hatua chache kutoka mlango wa jikoni sasa hununuliwa kwa mama mboga kila jioni, ilhali ardhi ipo papo hapo.

Mnamo 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mijini. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la Covid-19, Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa kuanzisha bustani milioni moja za jikoni nchini. Lakini kuanzisha bustani ni jambo moja, na kuitunza baada ya mwenyewe kurejea kazini ni jambo jingine.

Kosa la kawaida

Wengi wanaoazimia kurejelea kilimo hiki huamua kulima eneo lote Jumamosi moja. Jioni mgongo unauma na udongo umebaki wazi. Mbegu za magugu zilizokuwa zimefukiwa chini zimeletwa juu, na baada ya majuma mawili ya mvua bustani huwa imerudi ilikokuwa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Dawa ya hali hii ni kulima kwa vipande. Mwenye saa mbili tu kila Jumamosi anaweza kuanza na tuta moja lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu. Upana huo humwezesha kufikia katikati akiwa pembeni, bila kukanyaga na kushindilia udongo.

Sehemu iliyosalia haipaswi kuachwa hivyo hivyo. Magugu yafyekwe kabla ya kutoa mbegu, kisha eneo lifunikwe kwa karatasi nyeusi za nailoni au maboksi mazito yaliyowekewa mawe. Mengi ya magugu hayo yatadhoofika na kufa kwa kukosa mwanga katika muda wa miezi miwili au mitatu, huku mwenyewe akishughulikia tuta lake.

Sangari na ndago

Magugu haya mawili yanahitaji subira. Sangari hutambaa chini ya udongo, na kila kipande cha mzizi wake kinachokatwa huweza kuchipuka upya. Kwa sababu hiyo, jembe uma ni bora kuliko jembe la kawaida, kwani huinua mizizi badala ya kuikatakata. Mizizi hiyo ianikwe juani hadi ikauke kabisa, wala isitupwe kwenye shimo la mboji.

Ndago nayo ina vijitunguu ardhini. Anayeng'oa majani pekee huwa amepunguza nywele tu. Sharti achimbe hadi avipate vijitunguu vyenyewe.

Baada ya kusafisha tuta, samadi iliyooza vyema itandazwe kwa kina cha sentimita tano hivi na kuchanganywa na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza miche na mara nyingi huleta mbegu nyingine za magugu.

Mboga za kuanzia

Nyanya huhitaji kufungwa kwenye vijiti, kupogolewa na kuchunguzwa mara kwa mara, hivyo hazimfai anayeanza akiwa na muda mchache. Kunde na mchicha hupandwa moja kwa moja tutani na majani huweza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Mavuno hayo ya mapema humtia mwenye bustani moyo wa kuendelea.

Sukuma wiki ni heri ipandwe kwa miche, kila mche ukiwa umbali wa sentimita 45 hadi 60 kutoka kwa mwingine. Majani ya chini yakichumwa na kilele kuachwa, mmea huendelea kuzaa kwa miezi kadhaa.

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, tuta litayarishwe Februari kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli. Kiangazini, kumwagilia maji mengi mara mbili au tatu kwa wiki, alfajiri au jioni, hufaa kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwani mizizi hufuata maji chini. Nyasi kavu zisizo na mbegu zikitandazwa kati ya mimea huhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Maji ya majitaka yasitumiwe kamwe, kwa kuwa yanaweza kuleta maradhi.

Dakika kumi za alfajiri

Aidha, dakika kumi mara mbili kwa wiki kabla ya kwenda kazini zatosha kugeuza majani, kuokota viwavi, kuosha vidukari kwa maji na kung'oa magugu machanga. Gugu linalong'olewa kwa vidole viwili leo litahitaji jembe baada ya mwezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Msimu unaofuata, tuta la sukuma wiki lipandwe kunde. Kabichi haifai kuifuata sukuma wiki, kwa sababu ni za jamii moja na hushambuliwa na wadudu na magonjwa yale yale.

Swali linalobaki ni wakati wa kufungua tuta la pili. Kipimo ni kimoja: tuta la kwanza liwe linaweza kupaliliwa kwa robo saa. Kabla ya hapo, sehemu iliyosalia na ikae chini ya kifuniko chake.