Vitz: Gari Dogo Lililozaa Ukoo

Kabla ya Vitz kulikuwa na Starlet, na kabla ya Starlet kulikuwa na Publica, gari la mwaka 1961 lenye injini ya silinda mbili iliyopozwa kwa upepo, cc 697 tu. Starlet lilichomoza humo mwaka 1973, likajitegemea mwaka 1978, na mwaka 1984 likaanza kuvutwa na matairi ya mbele. Lilikuwa gari la kazi, lisilo na makuu. Mwenye nalo alijua kwamba amebana matumizi, na majirani pia walijua.

Januari 1999 Toyota ikageuza mkondo. Mchoro wa gari jipya ulitoka Ulaya, mikononi mwa Mgiriki Sotiris Kovos, kwa kuwa kampuni ilitaka kuwavuta wanunuzi wa huko. Japani likaitwa Vitz, Ulaya Yaris, Australia Echo. Kwa nje lilikuwa fupi kuliko Starlet, mita 3.6 hivi, lakini paa liliinuliwa, abiria akakaa wima na miguu ikapata pa kunyooka. Spidimita ilihamia katikati ya dashibodi, na kwenye matoleo mengi ikawa tarakimu zinazowaka ndani ya kishimo cheusi. 

Gari hilo lilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka Japani, na la mwaka 2000 Ulaya.

Hata hivyo, kazi yake kubwa haikuwa tuzo. Juu ya msingi uleule Toyota ilijenga Platz lenye buti, Funcargo lenye tumbo pana, bB la pembe nne, kisha mwaka 2002 IST na Probox. Ndiyo, Probox, lile linalobeba mirungi na magunia ya viazi Kenya, ni ndugu wa damu wa kigari cha mjini. Injini ya 1NZ ya cc 1,500 ilizunguka karibu katika ukoo mzima, ndiyo maana fundi anayelijua moja hapotei kwa jingine.

Kizazi cha pili kilikuja Februari 2005, kimenenepa kidogo, na toleo la cc 1,000 likabaki na silinda tatu badala ya nne. Cha tatu, cha Desemba 2010, kilirudisha spidimita mbele ya dereva. Plastiki zake za ndani hazikumfurahisha mtu.

Afrika Mashariki vizazi hivyo viligawanywa na sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo Vitz la Kovos liliacha kushuka Mombasa siku nyingi. Tanzania humruhusu mwenye kutaka gari kuukuu, mradi alipe kodi ya uchakavu.

Mwaka 2020 Japani nayo ililipokea jina la Yaris, na Vitz likafutwa. Yaris ndilo lililompa Sébastien Ogier ushindi wa Safari Rally mwaka 2021, mbio hizo ziliporejea kwenye michuano ya dunia, na mwaka uliofuata yakashika nafasi nne za kwanza. Jina la zamani lilirudi Afrika Kusini mwaka 2023, juu ya gari dogo linalotoka India. Ukifungua boneti, unakuta injini ya Suzuki.