Kalipa ya breki imeganda? Namna ya kuifungua bila kuua breki

Gari linashuka mlima, linafika tambarare, dereva anakanyaga mafuta lakini gari ni zito. Kuna harufu ya kuungua, na rimu moja ya mbele ina joto kuliko mwenzake. Kwa madereva wa kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe, na majirani zao wa Kyerwa, dalili hizo si ngeni. Kalipa imeganda: breki inashika hata baada ya mguu kutoka kwenye pedeli.

Magari mengi ya huko ni Toyota za zamani zilizotoka Japani zikiwa zimeshatumika. Kiangazi zinakula vumbi jekundu, mvua zikianza zinapita kwenye tope. Vyote viwili huingia kwenye kalipa, hasa kama mipira yake imechanika.

Njia ya mkato ambayo wengine huitumia ni kuziba paipu ya breki ya tairi hilo ili safari iendelee. Hiyo ni hatari. Gari lenye breki upande mmja wa mbele huvutwa upande huo dereva akikanyaga kwa nguvu, na kwenye mteremko wenye kona hakuna nafasi ya kusahihisha.

Kwa nini inaganda

Kalipa nyingi za magari madogo zina pistoni moja inayosukuma pedi kwenye diski, na pini mbili zinazoiwezesha kalipa yenyewe kuteleza. Pistoni ikishika kutu, au pini zikikauka grisi, pedi haziachii diski.

Chanzo kingine ni mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani. Unyevu huleta kutu ndani ya silinda na hushusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedeli inazama hadi chini na gari halisimami.

Ndiyo maana kuongeza maji ya sabuni kwenye breki ni kujitafutia ajali. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji huchemka kwa takriban nyuzi 95 tu.

Kwanza ijulikane kilichoganda

Kazi ifanyike breki zikiwa zimepoa, gari likiwa sehemu tambarare, matairi mengine yamewekewa mawe, na stendi imara chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi.

Tairi likiwa juu, breki ikanyagwe na kuachiwa, kisha tairi lizungushwe kwa mkono. Likigoma, nati ya kutolea upepo ilegezwe kidogo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia, kuna presha iliyonaswa. Mara nyingi hozi ya mpira imevimba ndani, ingawa breki masta nayo ikaguliwe. Kufungua kalipa hapo ni kupoteza muda.

Tairi likibaki limeshika, tatizo ni pini au pistoni. Kalipa isiyoteleza kwa mkono ina pini mbovu. Ikiteleza vizuri lakini pistoni haitaki kurudi ndani kwa klampu, nati ya upepo ikiwa wazi, basi pistoni ndiyo iliyoganda.

Kufungua pini

Pini huzungushwa taratibu kwa spana, mbele na nyuma, huku zikipuliziwa dawa ya kulegeza kutu. Dawa hiyo isiguse pedi wala diski. Pini zikitoka zisafishwe, na iliyoliwa na kutu au kupinda ibadilishwe. Matundu yake nayo yasafishwe.

Grisi inayofaa ni ile ya silikoni ya kalipa. Grisi ya kawaida ya beringi au oili ya injini huvimbisha mipira, na baada ya muda mfupi pini zinaganda tena.

Kutoa pistoni

Njia salama ni kutumia breki yenyewe. Hozi inabaki imefungwa, pedi zinatolewa, na kipande cha mbao kinawekwa mbele ya pistoni ili isiruke. Mtu mmoja anakanyaga pedeli polepole huku mafuta yakiongezwa kwenye kikopo chake. Presha hiyo husukuma pistoni nyingi zilizoganda. Baada ya hapo hozi inafunguliwa na pistoni inavutwa kwa mkono.

Upepo wa kompresa huirusha pistoni kama jiwe la manati, na vidole vya mafundi vimeumia hivyo. Kalipa pia isining'inizwe kwa hozi. Ifungwe kwa waya.

Silinda isafishwe kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, kamwe si petroli wala dizeli. Mpira wa ndani utolewe kwa kijiti cha mbao, kwa sababu bisibisi huchuna chuma.

Isafishwe au itupwe?

Pistoni yenye madoa mepesi tu inaweza kusafishwa. Ikiwa na vishimo vya kutu pale inapopita kwenye mpira, itupwe, maana itachana mpira mpya. Silinda yenye vishimo nayo ni ya kubadilisha.

Mipira ya zamani hairudishwi. Mipira mipya hulowekwa kwenye mafuta ya breki, kisha pistoni inasukumwa ndani kwa mkono. Ikihitaji nyundo, imekaa upande.

Kalipa ya nyuma yenye handibreki mara nyingi hurudishwa kwa kuzungusha pistoni. Kuibana kwa klampu huivunja ndani.

Kabla ya kurudi barabarani

Pedi zibadilishwe pande zote mbili za ekseli, na kalipa ya upande wa pili ikaguliwe, kwani imekunywa mafuta yaleyale machakavu. Kisha mafuta yote yabadilishwe na upepo utolewe mpaka pedeli iwe ngumu. Utaratibu mzuri ni kuyabadilisha kila baada ya miaka 2.

Majaribio yafanyike tambarare, kwa mwendo mdogo. Baada ya kilomita chache, dereva asimame na kusogeza mkono karibu na rimu zote mbili za mbele bila kuzigusa. Joto likiwa sawa, kazi imekamilika. Moja ikizidi, gari lirudi gereji kabla ya kukutana na mteremko.